Mama Mkwe Nyuma ya Goli

Nilizaliwa na mdomo. Mama yangu alikuwa akisema kwamba watoto wenzangu walipokuwa wanajifunza kutambaa, mimi nilikaa palepale nikiwaelekeza njia. Kwa hiyo siku ile padri wa michezo aliponikabidhi filimbi na mpira wa ngozi, akaniambia vijana wa parokia ya Kamalondo kuanzia leo ni wako, sikushangaa hata kidogo. Nilijiuliza tu kwa nini walikawia.

Ilikuwa Elisabethville, mji wa Katanga, miaka michache baada ya vita kuu ya pili. Nilikuwa karani wa ghala kwenye karakana za reli, kijana wa miaka ishirini na mitano mwenye baiskeli, kofia na maoni mengi. King'ora cha saa kumi kilipolia, wenzangu walikwenda kuoga au kunywa, mimi nilivuka reli na kupiga pedeli moja kwa moja hadi uwanjani. Uwanja wenyewe tulikuwa tumeutengeneza kwa mikono. Tulibomoa vichuguu viwili vikubwa, tukatandaza udongo wake, tukamwaga maji na kuukanyaga wiki nzima kwa nyayo mpaka ukakauka ukawa mgumu kama sakafu. Upepo ukigeuka, moshi wa kiwanda cha shaba ulitushukia kooni, watoto wakakohoa, nami niliwaambia kukohoa hakumzuii mtu kukimbia.

Watu hufikiri kufundisha watoto mpira ni kazi ya miguu. Nusu yake ni kubisha hodi. Leo beki hakuja kwa sababu ametumwa kusaga mahindi, kesho winga anatumikia misa ya jioni, keshokutwa mdogo wao ana homa na mama yuko sokoni, nani atambeba? Nilizunguka Kamalondo nyumba kwa nyumba, nikikalia vigoda na kula bukari, ugali wetu, nisiyoihitaji, mradi nipate watoto kumi na mmoja Jumapili. Na raha yake ilikuwepo, sitasema uongo. Mtoto aliyekuwa akiukimbia mpira kama nyuki, siku moja anasimama, anautuliza kwa kifua, anatazama, anampa mwenzake. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikiimba juu ya baiskeli, na jirani zangu walidhani nimeongezwa mshahara.

Katika mizunguko hiyo nilikuja kujua kila mama anafanya kazi gani, na maarifa hayo niliyatumia vibaya. Winga wangu, ambaye mama yake aliuza makaa, nilimwambia, "Mama yako anauza makala kila siku, mais weye hauna moto"; mais ndiyo "lakini" yetu ya mjini. Yule wa kati, mtoto wa mpika munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, nilimpigia kelele kwamba anakimbia kama munkoyo ya juzi, imeshachacha. Watoto walicheka, watazamaji walicheka, na aliyetajwa alicheka pia huku ameinamisha kichwa. Niliona huo ni ufundi wangu mkubwa. Padri alitumia ubao na chaki, mimi nilitumia mama zao.

Golikipa wangu alikuwa na miaka kumi na minne, mrefu, mtaratibu, mwenye mikono mipana kuliko umri wake. Baba yake alikuwa amefariki akiwa fundi wa reli, na mama yake aliwalea kwa kukaanga mikate ya ngano kwenye mafuta na kuiuza mlangoni mwa kanisa baada ya misa. Kijana yule alipenda goli kuliko chakula. Mazoezi yakiisha, alibaki peke yake akirusha jiwe juu na kulidaka mpaka giza. Alikuwa na dada, na nisizungushe maneno, huyo dada ndiye niliyemchumbia.

Hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu, kwa hiyo nieleze. Sisi tuliotoka kaskazini mwa Katanga tuna kitu tunachoita buko, yaani heshima ya ukwe, na mkwe tunamwita muko. Ukishakubaliwa kumwoa msichana, mama yake anakuwa kama moto: unamheshimu kwa kukaa mbali. Hamtazamani usoni. Humtaji jina. Ukimwona anakuja barabarani, unaingia kichochoro cha pembeni mpaka apite, naye akikuona anageuza mgongo. Hakuna ugomvi ndani yake, ni adabu tu, na hudumu mpaka ndoa ikamilike na mfungue kinywa kwa utaratibu wake. Tangu mshenga wangu apokewe, sikuwa nimemwona mama yule hata mara moja. Barabara yao niliiacha, nikazunguka kupitia sokoni, njia ndefu kabisa, na nilijisifu kwa marafiki kwamba hakuna mkwe mwenye adabu kama mimi mjini kote.

Jumapili moja ya mwezi wa sita, baridi ya kiangazi ikiwa bado kali, tulicheza na vijana wa parokia ya Kenya, mtaa mwingine wa mji wetu. Tulikuwa sare, dakika chache zimebaki. Winga wao alipiga shuti la kizee, mpira ukaja polepole, ukidundadunda, mpira ambao bibi kizee mwenye kikapu kichwani angeudaka. Golikipa wangu aliinama, akaugusa, ukampita mikononi ukaingia.

Damu ilinipanda. Nikapaza sauti, uwanja mzima ukasikia.

"Weye! Ile mikono ulipewa na mama yako? Iko na mafuta ya mikate, mupira inateleza!"

Nilingoja kicheko, na safari hii hakikuja. Waliokuwa nyuma ya goli waligeuka mmoja mmoja kuangalia chini, na nilipofuata macho yao nikaona beseni la mikate, na kando yake mwanamke aliyekaa juu ya kigoda, ameligeuzia goli mgongo. Hakugeuka. Alikunja kitambaa juu ya beseni, akaliweka kichwani, akasimama, akaondoka bila haraka kuelekea nyumbani, mgongo wake umenyooka. Mtoto wake alimtazama, akanitazama mimi, akatoka golini akamfuata mama yake. Tulimaliza mechi bila golikipa.

Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema, na mimi kichwa changu kilikuwa kinawaka usiku kucha. Kumtaja mama mkwe mbele ya watu ni kosa. Kumtaja kwa dhihaka, kazi yake ikachekwa, mikono yake ikatiwa ndani, hilo kwetu lina jina ambalo sitaliandika. Niliona ndoa imekwisha.

Mchumba wangu nilimpata siku ya tatu, nje ya ua wa masista alikokuwa akijifunza kushona. Alikuja akiwa na uso mkavu.

"Ulijua juu ya nini mama alikuya pale?" aliniuliza.

Sikujua.

"Mutoto njo alimuomba. Alisema, mama, bamama bote banakuya kuangalia batoto babo, weye tu hapana. Mama akasema hawezi, juu muko wake iko pale. Mutoto akasema, basi kuya, ukae na mugongo. Akakuya. Aliacha kuuzisha ku kanisa, akakaa na mugongo saa mbili muzima, juu ya ile mutoto. Na weye ukamupa ile tusi."

Nilisema nitalipa chochote. Nilikuwa nalia, na sioni aibu kukiri.

"Mama hakukasirika juu ya ndoa," alisema. "Ndoa iko na dawa yake. Anakasirika juu ya mutoto. Alisema mutoto hatacheza tena."

Jioni mshenga alinithibitishia. Alikuwa mzee wa stesheni, kazi yake kubadilisha njia za treni, na labda kwa ajili hiyo hakuharakisha neno lolote. Alinusa tumbaku yake, akapiga chafya, akafuta pua, ndipo akasema. Mbuzi mmoja kwa kuosha tusi, na kitambaa cheupe. Nikipeleka hivyo, ukwe unaendelea kama kawaida. Kuhusu mpira, hapana. Mama amesema mchezo unaomfanya mtu mzima asahau mama mkwe si mchezo wa kumfundisha mtoto. Kijana atakaa nyumbani na kukanda unga.

Mbuzi nilimpeleka wiki ileile, dume jeusi lililonivuta barabara nzima, na kitambaa nikakitoa. Kila mtu akanipongeza kwa kumaliza mambo. Lakini mimi nilimjua yule kijana. Siku ya Jumanne, nikiwa napita kichochoro cha nyuma, nilimwona uani kwao kupitia nafasi ya ua wa matete. Alikuwa na donge la unga mkononi, analirusha juu na kulidaka, analirusha na kulidaka. Nilisimama pale na baiskeli yangu mpaka nikaona mtu anakuja, nikaondoka. Hapo nikaapa nitamrudisha golini, hata ikinibidi nimrudie mshenga mara mia.

Mara mia haikufika. Ilifika saba. Kila nilipomtuma alirudi na hapana, nami nikamrudisha. Alianza kunikimbia karakanani, na mara moja nilimkamata akiwa katikati ya kazi, ameshika mkono wa chuma wa kubadilishia reli, nikamwambia baba, siondoki hapa mpaka uniahidi. Treni ya Sakania ilikuwa inakuja. Akaahidi upesi kuliko alivyowahi kusema lolote maishani mwake.

Mara ile ya saba alirudi na jambo jipya.

"Mama amesema hivi," alianza, akanusa tumbaku. "Atarudia kuuzisha pale nyuma ya goli, siku zote za mazoezi. Atakaa na mugongo, vile inafaa. Hataona kintu. Mais masikio haina mugongo. Atasikiliza. Kama mpaka sikukuu ya Bikira Maria mwezi ya nane hasikie tusi hata moja ku kinywa yako, kwa mutoto yeyote, ataangalia tena maneno ya mutoto wake. Akisikia moja, imeisha."

"Nimekubali," nilisema.

"Mwanangu, usikubali mbio. Miye nakujua toka ulifika mu hii muji."

Mimi nilikuwa nimeshakubali. Tena, kwa sababu kiburi changu kilikuwa kimejeruhiwa, niliongeza sharti langu mwenyewe ambalo hakuna aliyeniomba. Kama hataki mdomo wangu, nilijiambia, basi hatausikia kabisa. Niliamua kufundisha bila neno, nikajikaza kisabuni.

Wiki za kwanza zilikuwa adhabu. Mama yule alikuja kweli, Jumanne, Alhamisi na Jumapili, na beseni lake na kigoda chake, akaupa uwanja mgongo. Kijana wake alikaa kando yake, uso kwetu, akihesabia wateja mikate. Mimi nilisimama na filimbi mdomoni kama mtoto mchanga na titi. Beki akipiga mpira nje bila sababu, neno lilipanda kooni, likafika ulimini, likagonga filimbi likarudi tumboni. Nililala nikiwa nimeshiba maneno. Padri aliniita pembeni na kuniuliza kwa upole kama meno yananiuma.

Watoto waligundua upesi, na watoto ni watoto. Winga, yule wa makaa, alianza kucheza kwa madaha mbele yangu, akiukalia mpira, akinitazama aone nitapasuka lini. Siku moja alisimama juu ya mpira kama jogoo na kuwika. Wote wakaanguka chini kwa kicheko. Niliuma filimbi mpaka pembe ya jino ikavunjika, na jino hilo ninalo mpaka leo, nusu. Kisha nikavua viatu, nikaingia uwanjani peku, nikamnyang'anya mpira, nikamwonyesha nilichotaka. Kugeuka, kusukuma, kukimbia. Nikampa arudie. Akakosea. Nikamwonyesha tena, mara ishirini, mpaka jua likawa jekundu na mimi nikawa sina pumzi. Mara ya ishirini na moja aliweza, na hakuwika tena.

Ndivyo nilivyojifunza kwamba miaka yote niliyokuwa nikisema, sikuwahi kuonyesha. Mwenye kelele hana neno. Nilikuwa nikimwambia mtoto anakimbia kama munkoyo, lakini mguu unawekwa wapi, hilo sikumwambia kamwe, kwa sababu nilipomaliza kuchekesha watu niliona kazi imekwisha. Sasa nilipiga magoti, nikamshika mtoto kifundo cha mguu na kukigeuza kwa mikono yangu. Nyayo zangu za karani zilitoka malengelenge. Timu ikaanza kucheza vizuri, vizuri kweli, isipokuwa golini.

Golini nilikuwa nimemweka mtoto wa fundi cherehani, mwembamba, mwenye moyo mzuri na mikono ya kushonea. Alijitahidi. Mipira mitatu kati ya minne alidaka, ya nne ilikuwa msiba.

Jambo moja sikulijua wakati ule, niliambiwa baadaye na mchumba wangu. Nyuma ya goli, mama alikuwa akiuliza. Akisikia watu wanapiga kelele alisema, "Iko nini?" na kijana alimweleza: sasa mupira iko kwa ule wa kushoto, sasa anamupita mwenzake, sasa golikipa anatoka mapema, hapana, angengoja. Wiki ya kwanza aliuliza mara moja. Wiki ya tano alikuwa akiuliza golikipa anapaswa kusimama wapi kona ikipigwa, na kijana akichora kwa kidole kwenye unga uliomwagika juu ya kitambaa.

Sikukuu ya Bikira Maria ilifika. Baada ya misa kubwa, uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda juu ya kichuguu kilichobaki. Tulicheza na vijana wa kambi ya wafanyakazi wa mgodi, watoto wa posho ya nyama kila wiki, wenye mapaja. Mshenga alikuwa hajaniletea jibu lolote. Nilimtafuta kwa macho nikamwona amesimama karibu na beseni la mikate, ananusa tumbaku, hana haraka. Kijana amekaa chini, mikono ameibana katikati ya magoti.

Kipindi cha kwanza tulicheza kuliko wao na tukafungwa mawili. La kwanza lilikuwa kombora. La pili lilipita katikati ya miguu ya mtoto wa fundi cherehani, taratibu, na uwanja mzima ukacheka. Mtoto alikaa chini palepale golini, akajifunika uso kwa jezi. Wenzake wawili nao wakaanza kulia. Filimbi ya mapumziko ikalia, wakaja kukaa mbele yangu wote kumi na mmoja, wakaniinulia macho. Sikufungua kinywa. Wiki zile zote nilikuwa nimefuzu kunyamaza, nilikaa kama maji mtungini, na moyoni nilijiona shujaa.

Mshenga alivuka mstari na kunijia.

"Mama anauliza," alisema. "Batoto beko banalia. Mwalimu wabo ananyamaza juu ya nini?"

"Si yeye alitaka?" nilimjibu, na uchungu wangu wote ukasikika. "Alisema hataki mdomo wangu."

"Alikataza matusi, mwanangu. Hakukataza maneno." Alifunga kikopo chake cha tumbaku kwenye leso. Hakupiga chafya safari hii. "Anasema, alikaa pale karibu miezi mbili, hakusikia tusi. Ni muzuri. Mais hakusikia hata neno moja ya kumusaidia mutoto. Anasema ile haiko heshima, ile ni kununa. Kama uko na neno muzuri kwa ule mutoto mwenye analia, yeye atakupa mutoto wake. Kama hauna, basi."

Siku zile, kwenye mechi za watoto, mapadri waliruhusu golikipa abadilishwe mapumzikoni. Dakika zilikuwa chache. Nikamgeukia mtoto wa fundi cherehani, nikapiga magoti mbele yake. Ninaapa. Mimi niliyezaliwa na mdomo nilitafuta neno zuri nikakuta ghala tupu. Matusi ningeweza kumpa hamsini bila kupumua.

"Ile ya kwanza," nilisema mwishowe, sauti yangu imekauka kwa kutotumika, "hata miye singeishika."

Aliteremsha jezi kidogo, jicho moja likatokea.

"Ya pili ungeishika, mais ulikuwa bado unawaza ya kwanza. Njo vile tu. Haiko mikono yako. Mikono yako iko muzuri. Ulishika ile ya kona, ya juu, niliiona. Niliiona, nikafurahi, na sikukuambia."

"Kweli, mwalimu?"

"Kweli."

Alifuta kamasi. Nikawaambia na wengine, mmoja mmoja, kile nilichokuwa nimekiona wiki zote zile na kukifungia ndani. Maneno yalitoka mabovu, yakigongana, lakini yalitoka. Winga nilimwambia ageuke upande wa kulia kama tulivyofanya ile jioni, beki wao ana mguu mzito. Nilipomaliza, niliona kivuli kimesimama kando yangu, na nilipoinua macho ni shemeji yangu, tayari amevua shati.

"Mama amesema niingie," alisema.

Mtoto wa fundi cherehani alivua jezi ya golikipa, akamkabidhi kwa mkono wake mwenyewe.

Sitawaeleza kipindi cha pili chote, ingawa ningeweza, mpira kwa mpira. Tulirudisha moja: winga aligeuka kulia. Vijana wa kambi walitushambulia mpaka mwisho, na kila walipopiga, mikono ile mipana ilikuwepo. Nilisema muda wote, nyuma ya mstari, kwa sauti ya kawaida: sogea, ngoja, muzuri, tena. Mara moja nilianza, "Weye, mama ya..." nikakata hapohapo, na nadhani nilipauka. Hatukupata la pili. Tulishindwa mbili kwa moja, na watoto wangu walitoka uwanjani vichwa juu, wakibishana kuhusu mchezo kama watu wazima.

Baadaye, watu walipotawanyika na mama akiwa ametangulia na beseni lake tupu, nilimsindikiza kijana nikisukuma baiskeli. Alikuwa anachechemea kidogo, amefurahi, anaongea kuliko nilivyowahi kumsikia. Kulikuwa na kitu kilichonisumbua tangu mwezi wa sita, na nikamuuliza. Leo ameshika makombora. Ule mpira wa Jumapili ile, ule wa kizee, ulimtokaje?

Alipiga kokoto kwa kidole cha mguu.

"Sikukuwa naangalia mupira, shemeki," alisema. "Nilikuwa nasikia weye."

"Sikukuwa nimesema kitu bado."

"Ukitaka kututukana, unavuta pumzi mbele ya kusema. Shiye bote tunaijua ile pumzi. Mupira ikiwa inakuya, nilisikia umeivuta, nikawaza utasema nini juu ya mama, na alikuwa pale nyuma. Mupira ikanipita."

Nilisimamisha baiskeli. Mbuzi nilimpeleka kwa mama yake. Kitambaa cheupe kilikwenda kwa mama yake, na mshenga alizungumza na mama yake, na ukoo wote ulikubali kwamba tusi limeoshwa. Lakini niliyemtukana, aliyesimama peke yake katikati ya goli watu wote wakimtazama, huyo hakuna aliyekwenda kwake na chochote, wala mimi sikuwa nimewaza kwamba anadai kitu.

Nilivua kofia. Nikamwomba radhi pale barabarani, yeye mwenyewe, kwa maneno kamili, kama mtu anavyomwomba mtu mzima mwenzake. Nilisema pia kwa niaba ya wenzake, wa makaa na wa munkoyo na wote, na kwamba kesho nitaanza kuwazungukia.

Aliinamisha kichwa, akafuta vumbi kwenye goti lililochubuka. Kisha akaniuliza mazoezi ya Jumanne ni saa ngapi.

"Saa kumi na nusu," nilimwambia. "Usichelewe."